Tepu haifi siku inapokatika

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki sita hivi. Kazi ilinibana, mpwa wangu akamwaga chai kwenye kibodi, na juu ya hayo nilikuwa na hasira, nami nilifunzwa nyumbani kwamba mtu mwenye hasira asishike kalamu. Hasira imepoa. Haijaisha, imepoa tu. Kwa hivyo tuanze.

Nataka kuzungumzia tepu. Ndiyo, zile kaseti nyeusi za kuhifadhia nakala za data, ukubwa wa kiganja, ambazo wengi wenu mnadhani ziliisha pamoja na simu za kuzungusha kwa kidole. Hazijaisha. Kuanzia steji ya Mutindwa mpaka Komarock, mimi mwenyewe nimezikuta katika ofisi nne: Sacco, zahanati, shule ya kibinafsi, na wakili wa ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Hadithi ni ile ile. Kuna kabati la chuma, ndani mna boksi, juu ya boksi mtu ameandika MUHIMU kwa kalamu ya wino mzito. Aliyeandika alienda Qatar zamani. Hakuna anayejua zina nini, lakini kila mtu anajua hazifai kuguswa.

Na kila mahali nimeulizwa swali moja: "Injinia, hizi tepu zinafaa kukaa miaka mingapi?" Nimechoka na hilo swali. Ni kama kumuuliza makanga gari litakaa miaka mingapi bila kumwambia linapita barabara gani na nani ataliendesha. Nitawaeleza kwa nini, kwa kisa kimoja.

Agosti 2023 niliitwa na Sacco moja hapa Eastlands. Sitaitaja, na msipoteze muda kukisia, ziko nyingi. Kulikuwa na mama mmoja wa Kayole, mjane, ambaye mumewe alikuwa mwanachama mpaka alipofariki 2009. Mama alikuwa na kijitabu cha akiba na risiti. Kwa hesabu yake, Sacco ilikuwa na pesa za marehemu shilingi 63,500 zaidi ya zile zilizokuwa kwenye kompyuta. Kati ya hizo, 23,500 ni michango ya kawaida iliyopotea hapa na pale, na 40,000 ni pesa alizoweka kwa mkupuo mmoja Novemba 2008, baada ya kuuza sehemu yake ya ploti huko Njiru. Risiti ya hizo elfu arobaini ilikuwa karatasi ya kaboni iliyofifia mpaka unaisoma kwa kuinamisha kwenye taa.

Jibu la kamati, miaka yote, lilikuwa: "Mama, sisi tunaenda na mfumo." Mfumo wenyewe ulinunuliwa 2013. Wakati wa kuhama kutoka ule wa zamani, waliingiza salio la kila mwanachama peke yake, bila historia. Mtu alikaa chini na karatasi akapiga chapa salio za wanachama zaidi ya elfu moja. Kwa hivyo "mfumo" maana yake ni vidole vya karani fulani siku fulani ya 2013. Mama alianza kwenda pale mwaka huo huo. Kumbukeni hiyo tarehe, tutairudia.

Data halisi, miamala ya kila siku ya mfumo wa zamani, ilikuwa kwenye tepu. Niliitwa kwa sababu mweka hazina mpya, msichana mwenye akili zake, aliuliza katika mkutano: "Kwani hizo tepu za kabatini ni za kupamba?"

Nilikuta tepu 23 za LTO-2. Nikauliza draivu iko wapi. Wakanionyesha draivu safi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya shosho. Nikaangalia nyuma: LTO-5. Nikaomba maji ya kunywa.

Kwa wasiojua haya mambo: LTO ilitoka mwaka 2000, na kila kizazi kina nambari yake. LTO-1 ilibeba GB 100, LTO-2 ya 2003 ikabeba 200, LTO-3 ya 2005 ikabeba 400, LTO-4 ya 2007 ikabeba 800, LTO-5 ya 2010 ikafika TB 1.5, na kadhalika; LTO-9 ya 2021 ikafika TB 18. Waliounda walitoa ahadi: draivu itaandika tepu za kizazi chake na kimoja cha nyuma, na itasoma vizazi viwili vya nyuma. Basi. LTO-4 inasoma LTO-2. LTO-5 inaishia LTO-3. Na msidhani hata hiyo ahadi ni ya milele, kwa sababu ilipofika LTO-8 mwaka 2017 waliivunja: LTO-8 inasoma LTO-7 na kizazi chake tu.

Sacco hii ilikuwa na draivu ya LTO-2. Ikafa 2015. Wakanunua LTO-5 ya mitumba kwa sababu inabeba zaidi na bei ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeuliza, "Itasoma zetu?" Siku ile draivu mpya ilipochomekwa, tepu zote 23 zilikufa. Hakuna hata moja iliyokatika wala kuingia ukungu. Zilikufa zikiwa zimepangwa vizuri kabatini, na lebo yake MUHIMU, na zikakaa hivyo miaka minane bila mtu kugundua kwamba ni maiti.

Kwa hivyo mtu akinionyesha boksi lililoandikwa kwamba tepu hukaa miaka 30, mimi hucheka. Miaka 30 ya nini? Hiyo ni miaka ya plastiki na chuma iliyopakwa juu yake, ikikaa mahali penye ubaridi wa wastani na hewa kavu. Watengenezaji huzungumzia nyuzi kama 16 hadi 25 na unyevu wa kati ya asilimia 20 na 50 kwa tepu za kuweka muda mrefu. Nairobi kwa jumla tunabahatika, si Mombasa, lakini ofisi yenye paa la mabati upande wa Outering Road saa nane mchana mwezi wa Februari si Nairobi, ni tanuri. Na vumbi sijalitaja. Hata tukikubali hiyo miaka 30, nani atakuwa na draivu ya kusoma LTO-2 mwaka 2035? Tepu ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni draivu, na draivu ina injini, mikanda, vichwa vya kusomea, na mtengenezaji aliyeacha kuuza vipuri. Nusu inayokufa kwanza ndiyo inayoamua.

Sasa kuna kundi la pili, la wale wanaosema "mpaka ikatike". Hawa wananiudhi zaidi kwa sababu wengi wamesoma. "Mbona inaandika vizuri? Jana usiku imemaliza bila kosa." Ndugu yangu, tepu imeundwa ili ikufiche makosa yake. Draivu ya LTO inapoandika, kichwa cha kusomea kiko nyuma ya kile cha kuandikia na kinasoma hapo hapo kilichoandikwa. Kikikuta kipande kimeharibika, kinaandikwa tena mbele kidogo. Na wakati wa kusoma kuna hesabu za kusahihisha makosa, Reed-Solomon, zilezile mnazokuta kwenye CD, zinazoweza kujenga upya data iliyopotea. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi, nawavulia kofia. Lakini matokeo yake ni kwamba tepu inachakaa miezi na miezi na wewe unaona "imekamilika" kila asubuhi, mpaka siku makosa yanapozidi uwezo wa hesabu. Siku hiyo haipungui kidogo kidogo. Inakataa.

Dalili zipo, ila hazijileti mezani kwako. Kila kaseti ya LTO ina chipu ndogo ndani inayoandika maisha yake: imepakiwa mara ngapi, imeandikwa kiasi gani, makosa mangapi. Draivu nayo hutoa taarifa za TapeAlert, bendera 64, kila moja na maana yake. Bendera ya 7 inasema umri wa tepu umekwisha. Ya 19 inasema unakaribia. Ya 20 inasema safisha draivu sasa hivi. Kwenye Linux unaandika mstari mmoja:

tapeinfo -f /dev/sg1

Mstari mmoja! Wale wa Sacco hawakuwahi kuuandika. Na mimi siwalaumu sana wao, namlaumu yule aliyewauzia vifaa akawaambia "inafanya kazi yenyewe".

Turudi kwa mama. Nilipata draivu ya LTO-4 ya mitumba kwa jamaa mmoja Luthuli Avenue, nikaitoa kwenye ganda lake, nikaisafisha, nikaichomeka nyumbani kwangu Umoja kwenye kompyuta ya zamani. Tepu ya mwisho wa mwezi wa Oktoba 2008 ikasoma tangu mwanzo hadi mwisho. Nilifurahi nikaruka. Mwaka 2008 mimi nilikuwa darasa la tano, na hapa nilikuwa naangalia miamala ya watu wazima ya siku hizo, shilingi 300, 500, 1,200, za wiki zile ambazo unga ulikuwa umepanda bei. Aliyeandika mfumo wa zamani, Mungu ambariki popote alipo, alitumia tar ya kawaida. Hakutumia programu ya kampuni yenye muundo wa siri unaohitaji leseni iliyokufa. Database ilikuwa faili moja la maandishi la MySQL. Ndani ya saa moja nilikuwa na akaunti ya marehemu kwenye skrini. Zile 23,500 zilikuwapo zote, mchango kwa mchango, sawa kabisa na kijitabu cha mama.

Novemba haikuwapo. Kuna daftari la tepu, na limeandikwa kwamba tepu ya Novemba "ilitumika tena" Januari 2009. Walikuwa wamepungukiwa na tepu.

Ikabaki Desemba, ambayo ingekuwa na Novemba yote ndani yake. Nikaiweka. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Agosti, na mnaikumbuka hiyo siku: karibu saa nne usiku stima ikapotea nchi nzima. Draivu ikafa tepu ikiwa nje ya kaseti, imenyooshwa ndani ya mashine. Nililala sebuleni kando yake kama mgonjwa wangu. Kesho yake stima iliporudi, ikajirudisha yenyewe pole pole, nikajaribu tena. Haikuwa stima. Faili la kwanza, ambalo ndilo database, liligoma pale pale lilipogoma usiku. Nikaruka faili la pili, la tatu, yote yakasoma bila shida: nyaraka za ofisi, picha za sherehe ya mwaka, barua. Picha za sherehe zote ziko salama, mkizihitaji.

Nikasoma chipu. Tepu ya Oktoba ilikuwa imepakiwa mara 9 maishani mwake. Tepu ya Desemba, mara 611.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Tepu ya Desemba ilikuwa ile waliyoitumia kila siku ya kazi, tepu moja hiyo hiyo, kwa zaidi ya miaka miwili. Ilipoanza kuchoka mtu akaona "tusiitupe, tuipumzishe", akaandika juu yake nakala ya mwisho wa mwaka, akaiweka kabatini. Yaani walistaafisha tepu kwa kuipa kazi kubwa kuliko zote. Mnajua matatu ikichoka Outering hupelekwa njia za ndani ndani? Ni hivyo, ila hii walipakia watoto wa shule.

Hesabu ndogo ili mwone uchakavu unavyoingia. LTO-2 ina njia 512, na kichwa husoma 8 kwa wakati mmoja, kwa hivyo ili ijae, utepe wa mita 609 unakwenda na kurudi safari 64. Kila safari inabeba kama GB 3. Database ya Sacco na faili zake zilikuwa GB chache tu, kwa hivyo kila usiku zilikuwa ni zile zile safari mbili tatu za kwanza, njia zile zile, zikikwaruzwa, huku asilimia 95 ya tepu haijaguswa kamwe. Ongeza kwamba seva yao ilikuwa nzito kama mkokoteni, haikuweza kulisha draivu kwa mwendo inaoutaka. Data ikichelewa, draivu inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena. Inasimama, inarudi, inaanza. Mafundi wa tepu huliita jambo hili kupiga viatu rangi, na ukisikia mlio wake utamkumbuka yule jamaa wa kiwi pale steji. Usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa sawa na siku nyingi za kazi ya kawaida. Tepu hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hivi. Umri haukusema lolote.

Ninyi mnaouza tepu msianze kushangilia huko nyuma. Nawajua. Mnawaambia watu wabadilishe zote kila miaka 3, iwe zimetumika au hazijatumika. Ile ya Oktoba ilikuwa na miaka 15 na ilisoma kila herufi. Ungeichoma 2011 kwa ushauri wenu, na mama asingepata hata ile senti moja aliyopata. Tepu ya kazi ya kila siku na tepu ya kumbukumbu ni wanyama wawili tofauti. Ya kwanza muhesabie mizigo aliyobeba, umtoe mapema, kabla hajalalamika, na ukimtoa asirudi tena kufanya lolote. Ya pili hesabu vizazi vya draivu, na umpe mtihani kila mwaka, wa kusoma kweli kweli, si wa kuangalia lebo. Pesa ambazo mngelipwa kwa boksi jipya la tepu kila miaka mitatu, afadhali zinunue draivu ya pili.

Mtihani wa kusoma, hilo watu hawalitaki kabisa. Sacco hii haikuwahi kurudisha data hata mara moja kutoka kwenye tepu tangu ilipoanza. Na msidhani ni ushamba wetu wa Eastlands. Januari 2017 GitLab, kampuni ya watu wanaotuuzia akili, walifuta database yao wenyewe kwa bahati mbaya, wakaenda kwenye nakala zao wakakuta njia baada ya njia haifanyi kazi, wakaokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Na NASA, ambao walifika mwezini, walitangaza 2009 kwamba tepu asili za picha za Apollo 11 huenda zilifutwa na kutumika tena kwa sababu walikuwa wamepungukiwa na tepu. Novemba 2008 yetu iko katika kundi la wakubwa.

Najua wengine mmeshachoka kusoma, mnataka kusema "weka kwenye wingu, bro". Sipingi wingu. Kazi yangu ya mchana iko huko. Lakini wingu halina shimo la kuingiza LTO-2. Lazima kwanza mtu aisome, na hapo tumerudi palepale. Halafu piga hesabu: tepu 23 zikijaa ni TB 4.6. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, usiku na mchana bila kukatika, ni siku 42 na zaidi. Kisha unalipa kila mwezi kwa dola, na mwezi ambao kadi ya mweka hazina imekataa ndio mwezi data inaanza kuhesabiwa siku. Google wenyewe, Februari 2011, walipopoteza barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, walizirudisha kutoka wapi? Kwenye tepu. Kitu kilichokatwa kutoka mtandaoni hakifutwi na hitilafu ya programu, wala na mwizi aliyeiba nywila ya bosi.

Sasa ile tarehe niliyosema mkumbuke. Mama alianza kudai 2013. Draivu ya LTO-2 ilikufa 2015. Kwa miaka miwili ile mashine iliyoweza kumjibu ilikuwa katika chumba kimoja na kiti alichokalia akisubiri. Kunakili tepu zote 23, hata zingekuwa zimejaa, kwa mwendo wa MB 40 kwa sekunde ambao LTO-2 inauweza, ni kama dakika 83 kila moja. Saa 32. Kijana mmoja, siku nne, chai na mandazi. Na pengine wakati huo Desemba ingesoma, kwa sababu ile draivu iliyoiandika mara nyingi huielewa tepu yake kuliko draivu ngeni. Hilo siwezi kuthibitisha na linaniuma.

Wakati wa kustaafisha tepu ni wakati draivu yake bado inapumua. Hapo unanakili kwenda kizazi kipya, unalinganisha faili kwa faili, unaandika daftarini, unatafuta mahali pa kuweka nakala ya pili mbali na ya kwanza. Kama umesimba data, na kuanzia LTO-4 draivu zenyewe zinaweza kusimba, unahakikisha ufunguo unajulikana na zaidi ya mtu mmoja, maana tepu nzima yenye ufunguo uliopotea ni kipande cha plastiki tu. Halafu ndipo unaua ile ya zamani.

Na kuua ni kuua. Ile shule niliyoitaja hapo juu ilikuwa imeweka tepu zake kwenye gunia zisubiri mkokoteni wa taka. Gunia hilo lingefika Dandora jioni, na tepu hizo zina majina ya watoto, nambari za simu za wazazi, nani hajalipa karo. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na kifungu cha 39 kinasema usikae na data ya mtu kupita muda unaohitajika. Kwa hivyo "tuweke zote milele" nayo si jibu, ingawa najua ndilo jibu la wavivu. Mtoza ushuru anataka rekodi zako miaka 5. Hiyo haimaanishi picha za vitambulisho vya waombaji kazi wa 2006 zikae kabatini mpaka kiyama. Na tafadhali, kupitisha sumaku ya spika juu ya kaseti hakufuti kitu. Tumia mashine yenyewe ya kufutia kwa sumaku, ambayo kwa LTO inaharibu pia alama za kuongozea kichwa zilizowekwa kiwandani, kwa hivyo tepu haitatumika tena kamwe. Au isagwe. Nimeona mtu akiivuta kwa mkono kama ya kaseti ya muziki akaikata kwa makasi. Itakuchukua siku nzima kwa mita 609, lakini angalau alikuwa na nia.

Sacco ilimlipa mama zile 23,500 Desemba 2023. Elfu arobaini "zinaangaliwa". Zimeangaliwa mpaka leo. Wakili wao alinong'ona kitu kuhusu miaka 6 ya kudai mkataba, na cheamani akaniambia kwa upole, "Kijana, umefanya kazi nzuri, hiyo tepu mbovu itupe sasa." Wiki sita zilizopita alinipigia kuuliza kama nimeitupa. Hiyo ndiyo hasira niliyokuwa nikingoja ipoe.

Sijaitupa. Iko hapa mezani ndani ya kaseti yake, wima. Tepu inayokataliwa na draivu moja wakati mwingine husomwa na nyingine, vichwa havilingani kabisa, na jamaa wa Industrial Area ananiazima LTO-3 Jumamosi hii. Mweka hazina atakuja kushuhudia. Nilimpigia mama jana nikamwambia asiweke matumaini mengi. Akaniuliza, "Nije na ile risiti, mwanangu?" Nikamwambia aje nayo.